Mto Haufundishwi Ubaoni

Wakati mmoja nilialikwa kuhudhuria warsha ya walimu wa shule za msingi katika shule moja isiyo mbali na soko la Muthara, Tigania Mashariki, kaunti ya Meru. Mimi ni mwalimu wa isimu, si mtaalamu wa maji wala wa misitu. Niliitwa kwa sababu moja ndogo: waandalizi walitaka mtu wa kuwasaidia walimu kuyatafutia Kiswahili baadhi ya maneno ya somo la mazingira. Mada ya siku hiyo ilikuwa utunzaji wa vyanzo vya maji.

Mkufunzi alikuwa hodari. Alibandika bango ukutani, akausoma ufafanuzi kwa Kiingereza, na walimu wakaunakili madaftarini. Alipouliza swali, mwalimu mmoja wa kike aliyeketi mbele aliukariri ufafanuzi ule neno kwa neno, akapigiwa makofi. Kisha mvua ikanyesha, ile mvua ya Novemba isiyobisha hodi, na kishindo chake juu ya mabati kikatunyamazisha sote. Ilipopusa, tulitoka nje. Uwanja ulikuwa umegeuka kijito cha matope kilichokimbilia korongo lililoanzia nyuma ya madarasa na kupotelea katika mashamba ya chini.

Mlinzi wa shule, mzee wa makamo ya babu, alikuwa amesimama kandokando ya korongo hilo. "Walimu," alisema kwa upole, "mwaka nilipoandikwa kazi hapa, mtoto aliweza kuliruka shimo hili. Sasa limemeza mti tuliokuwa tukikaa kivulini mwake. Nyinyi mliosoma, niambieni: maji haya yanakwenda wapi?"

Baadhi ya walimu walisema yanakwenda mto Tana. Wengine walisema Ewaso Ng'iro. Mmoja alisema yanakwenda kwa jirani, tukacheka. Mzee hakucheka. Mwalimu aliyepigiwa makofi asubuhi alitazama chini, na mimi mwenyewe, niliyeletwa kufundisha maneno, sikuwa na neno la kusema.

Tangu siku hiyo nimeshikilia rai moja ambayo ningependa kuiweka mbele ya walimu na wanafunzi wanaosoma safu hii. Mafunzo ya walimu kuhusu maji na ardhi hayawezi kufanyika ndani ya chumba. Mwalimu ambaye hajatembea kutoka kileleni hadi kwenye chemchemi, hajapima mvua kwa mkono wake, wala hajashika udongo unaochukuliwa na maji, atawafundisha watoto wetu maneno matupu. Nao watoto, maskini, watayakariri, watapita mtihani, na korongo litaendelea kumeza shule.

Tuanze na neno lenyewe, maana ndipo taaluma yangu ilipo. Jambo tunalolizungumzia ni rahisi kulifahamu. Kila kipande cha ardhi kina mwinamo, na mvua inayokiangukia hutafuta njia ya kuteremka. Eneo lote ambalo maji yake hatimaye hukutana katika mkondo mmoja ndilo tunalotaka mtoto alijue. Katika Kiingereza neno linalotumiwa zaidi limewachanganya hata wenyewe: Waingereza aghalabu hulitumia kwa maana ya mgongo wa kilima unaoyatenga maji ya pande mbili, ilhali Wamarekani hulitumia kwa maana ya eneo lote linaloyakusanya. Majirani zetu wa Tanzania wametusaidia. Wao husema kidakio cha maji, kutokana na kitenzi kudaka. Ni neno zuri, kwa kuwa mtoto yeyote aliyewahi kudaka mpira analielewa kabla ya kufafanuliwa. Ardhi ni kiganja. Huidaka mvua na kuiteremsha kati ya vidole.

Lakini neno zuri pekee halitoshi. Wanaisimu wanajua kwamba mtu huweza kulitamka neno kwa ufasaha, kulitungia sentensi sahihi, na bado asiweze kukionyesha kitu kinachotajwa. Hayo ndiyo yaliyotupata Muthara. Tulikuwa na ufafanuzi kamili, na kidakio kilikuwa chini ya miguu yetu, lakini hatukukitambua.

La ajabu ni kwamba pana mahali pachache nchini ambapo somo hili lingefundishwa kwa urahisi kuliko huko. Milima ya Nyambene ni mgongo unaogawa maji. Mvua inayoteremka upande wa kusini na mashariki huingia katika mito kama Thangatha na Ura, hupita nchi kavu ya Tharaka au Mbuga ya Taifa ya Meru, na kuingia mto Tana. Kutoka hapo hupita Garissa, Hola na Garsen, hata ikafika Kipini, nchi ya Fumo Liyongo, na kumwagika katika Bahari ya Hindi. Maji yanayoteremka upande wa kaskazini-magharibi huelekea tambarare za Isiolo, katika nchi ya Ewaso Ng'iro, mto ambao katika miaka ya kawaida haufiki baharini bali hupotelea katika kinamasi cha Lorian. Hivyo basi, nyumba mbili zilizojengwa katika ukingo wa mlima mmoja zaweza kupeleka maji yake katika nchi mbili tofauti kabisa. Je, maji ya paa la shule yako yanakwenda upande gani? Sitalijibu swali hilo kwa niaba ya mwalimu yeyote wa Muthara. Hilo ndilo zoezi la kwanza, na jibu lake hupatikana kwa miguu.

Tena mto huu si jambo la jiografia pekee. Wazee wa Kimeru husimulia kwamba mababu zao walitoka mahali paitwapo Mbwaa, penye maji mengi, ambapo baadhi ya wanahistoria hudhani ni kisiwa cha Manda karibu na Lamu, na kwamba safari yao ilifuata njia ya mto Tana kuelekea barani. Mtoto anayefahamu kwamba tope la shamba la baba yake linateremkia njia ile ile waliyopandia mababu zake hatalichukulia jambo hilo kuwa somo la mtihani tu. Mwalimu mwenye busara ataiunganisha jiografia na historia, naye atasikilizwa.

Yapo watakaosema kwamba haya si mageni, kwamba nchi yetu imehubiri hifadhi ya udongo tangu zamani. Ni kweli, na yafaa tukumbuke jinsi ilivyohubiriwa. Wakati wa ukoloni, wazazi na nyanya zetu walilazimishwa kuchimba matuta chini ya amri ya machifu. Hawakuelezwa sababu, na mahali pengi uhuru ulipokaribia wakayaacha matuta hayo kama walivyoiacha amri yenyewe. Mwaka 1974 serikali ilianzisha mpango wa kitaifa wa kuhifadhi udongo kwa msaada wa Uswidi, nao mwishoni mwa miaka ya 1980 ukabadili mwendo, ukaacha kumshughulikia mkulima mmoja mmoja na kuanza kushughulikia kidakio kizima. Mwaka 1981 Rais Moi aliunda tume ya kudumu ya kuhifadhi udongo na kupanda miti, na wengi wetu tuliokuwa shuleni miaka ile tunakumbuka kubeba mawe ya kujengea gabioni. Tulibeba mawe kwa moyo mkunjufu. Hata hivyo, sikumbuki hata siku moja ambapo mtu alitupeleka juu ya mteremko na kutuonyesha maji yaliyolichimba korongo lile yalianzia wapi. Tulikuwa mikono isiyo na macho.

Baadaye ikaja miradi mingine. Tangu mwaka 2004, mradi wa Mlima Kenya Mashariki uliofadhiliwa na Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo (IFAD) ulifanya kazi katika vidakio vya mito ya Meru na Embu, ikiwemo Kathita na Kapingazi, na mwaka 2012 ukafuatwa na mradi wa Tana ya Juu. Sheria ya Maji ya 2002, na ile ya 2016 iliyochukua mahali pake, zilivipa nafasi vyama vya watumiaji maji, ambamo wakulima wa juu na wa chini hukutana kuzungumzia mto wao. Hizi ni hatua za kupongezwa. Lakini miradi ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Taasisi ambayo haina tarehe ya kwisha katika kijiji cha Kenya ni shule. Ikiwa elimu ya maji haitaingia katika mikono ya mwalimu, kila mradi utakapofunga ofisi zake tutarudi pale pale tulipoanza.

Sasa nieleze ninachomaanisha ninaposema mafunzo ya vitendo, ili nisije nikashutumiwa kwa kosa lile lile la maneno matupu.

Baada ya siku ile, baadhi ya walimu wa Muthara walikubaliana na mkufunzi wao kuliweka bango kando. Siku tatu zilizofuata walizitumia nje. Kwanza walipanda hadi mahali ambapo ardhi huanza kuinama upande wa pili, wakachora ramani ya kidakio cha shule yao kwa kalamu ya risasi. Pili walifanya hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la madarasa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 8 lina mita za mraba 160. Mvua ya milimita 25 italiletea lita 4,000, yaani mitungi 200 ya lita 20. Uwanja wa nusu hekta utapokea lita 125,000 katika mvua hiyo hiyo, na hata nusu yake ikizama ardhini, lita 62,500 zitakimbilia korongo. Nilimwona mwalimu wa hisabati akiirudia hesabu hiyo mara mbili, kana kwamba haamini. Miaka yote hiyo wasichana wa shule hiyo walikuwa wakibeba mitungi kutoka kwenye chemchemi ya chini, ilhali mitungi 200 ilikuwa ikipita mlangoni kwa siku moja.

Tatu, walichukua makopo mawili yaliyokatwa vitako, wakalididimiza moja chini ya mti na jingine katikati ya uwanja uliokanyagwa, wakayatia maji kwa kipimo kimoja, na kuangalia saa. Chini ya mti maji yalizama upesi. Uwanjani yalikaa yakitutazama. Nne, walifunga fito tatu kwa umbo la herufi A, wakaning'iniza jiwe kwa kamba, na kwa chombo hicho kisicho na gharama wakatafuta mstari ulio sawa mlimani ambao mtaro wa kuzuia maji hupaswa kuufuata. Tano, walijaza chupa tatu maji ya kijito: moja juu ya mashamba, moja chini ya barabara, na moja karibu na chemchemi wanayochotea watu. Waliziacha usiku kucha. Asubuhi kila mtu aliona kwa macho yake tope lilivyozidi kutoka chupa hadi chupa.

Yapo mengine wangeyaongeza. Nchini Afrika Kusini wanafunzi huchunguza afya ya mto kwa kuhesabu aina za wadudu na mabuu wanaoishi chini ya mawe, kwa sababu baadhi yao hawavumilii uchafu. Kipimo hicho huitwa miniSASS, na hakihitaji maabara. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwalimu anayetaka kuujua mto hana budi kuvua viatu.

Narudi kwenye lugha. Mwaka 1976 Kamati ya Gachathi ilipendekeza kwamba watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo shule ilipo. Katika Kiingereza cha ripoti hizo, eneo linaloipatia shule wanafunzi wake huitwa kwa neno lile lile la eneo linaloupatia mto maji yake. Sidhani kwamba walioliandika walikusudia fumbo lolote, lakini fumbo lipo. Shule nayo ni mto: huwapokea watoto kutoka kila mteremko, na yatokayo kwao ndiyo yatakayoijaza. Mtaala wa umilisi, ulioanza kwa majaribio mwaka 2017 na kuenea nchini mwaka 2019, umeendeleza wazo hilo kwa kuzipa lugha za kiasili na mazingira nafasi katika gredi za mwanzo. Lakini mafunzo ya walimu wenyewe huendeshwa kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho.

Sina ugomvi na Kiingereza. Nauliza swali moja tu: ni nani atakayeulinda ukingo wa mto? Si mtoto wa miaka 10. Ni baba na mama yake, wenye jembe. Elimu hii ina kazi mara mbili: ifike darasani, kisha jioni ifuatane na mtoto hadi nyumbani. Ikiwa mwalimu hana maneno ya Kimeru na ya Kiswahili ya kulieleza jambo hili katika mkutano wa wazazi, basi litakufa langoni mwa shule. Wakulima wa Tigania wana maneno yao ya udongo, ya miteremko na ya chemchemi. Siku zile tatu walimu waliyauliza kwa mlinzi wao na kwa wakulima waliowakuta njiani, wakayaandika kando ya yale ya Kiingereza. Nilikuja kufundisha msamiati, nikarudi nyumbani nikiwa nimefundishwa.

Pingamizi kubwa ni mzigo wa walimu. Wana madarasa makubwa, wana makaratasi mengi ya kujaza, na wengi wamelalamika kwamba hata mafunzo ya mtaala mpya yalikuwa ya siku chache mno. Walimu wana haki, na ndiyo maana sisemi waongezewe somo. Nasema somo walilo nalo lifundishwe kwa namna nyingine. Hesabu ya paa ni hisabati, kopo lililokatwa kitako ni sayansi, ramani ni jiografia, na ripoti ya matembezi ni insha ya Kiswahili. Wala si jambo lisilowezekana katika nchi hii. Mradi wa SMASSE, ulioanza mwaka 1998 katika wilaya chache kwa ushirikiano na Japani, uliwarudisha walimu wa hisabati na sayansi wa shule za upili kwenye mafunzo wakiwa kazini, wakafundishwa kufundisha kwa vitendo na vifaa vya kubuni, hata ukaenea nchi nzima. Lililowezekana kwa kemia litashindikanaje kwa maji?

Pingamizi la pili halisemwi sana, lakini ndilo gumu zaidi: kazi hii haina mwenyewe. Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya maji safi na ya kutosha na haki ya mazingira safi. Lakini katika mgawanyo wa majukumu, utekelezaji wa sera za kuhifadhi udongo na maji uliachiwa kaunti, ilhali walimu wa shule za msingi wako chini ya Tume ya Huduma kwa Walimu, ambayo ni ya taifa. Afisa wa kaunti anayejua mitaro hana amri juu ya mwalimu. Anayemwajiri mwalimu hana fungu la mitaro. Katikati ya ofisi hizo mbili ndipo korongo linapopita.

Haya ndiyo ninayoyapendekeza. Mosi, kaunti za Meru, Tharaka Nithi na Embu zikubaliane kwa maandishi na Tume ya Huduma kwa Walimu kwamba siku za mafunzo ya vitendo mtoni zihesabiwe katika mafunzo rasmi ya kumwendeleza mwalimu kazini, asije akaadhibiwa kwa kutokuwapo darasani wala asitozwe gharama mfukoni mwake. Pili, vyuo vya ualimu vya Meru, Egoji na Kigari kila kimoja kichukue kijito kimoja kilicho karibu, na asihitimu mwanafunzi wa ualimu ambaye hajakichunguza kwa msimu mmoja wa mvua. Tatu, vyama vya watumiaji maji viwe na kiti cha mwalimu, ili vipimo vya wanafunzi visomwe katika mikutano ya wakulima. Nne, fedha zinazotumiwa kukodi kumbi za hoteli kwa warsha za mazingira zinunuliwe vipima mvua na mapipa ya kukinga maji ya mapaa.

Hatuna wakati wa kusubiri. Kati ya mwaka 2020 na mwanzo wa 2023 misimu mitano ya mvua ilikosekana kwa mfululizo katika sehemu nyingi za nchi kavu ya Kenya. Haukupita muda, Aprili na Mei 2024, mafuriko yakawa makubwa kiasi cha kuahirisha kufunguliwa kwa shule za nchi nzima. Ardhi iliyovuliwa nguo haiwezi kuyahifadhi maji ya mafuriko kwa ajili ya ukame unaofuata. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wetu umekwisha kufika nyuma ya madarasa.

Nilipoondoka Muthara, walimu walikuwa wameanza kuchimba mtaro wa kwanza juu ya uwanja, kwa kuufuata mstari walioupima kwa fito zao. Haukuwa mrefu, na sitadai kwamba umeliponya korongo. Lakini yule mwalimu wa kike aliyekuwa akikariri asubuhi ile alikuwa mstari wa mbele na wanafunzi wake, miguu yake imetapakaa tope hadi magotini. Mzee mlinzi alimwuliza tena maji yanakwenda wapi. Safari hii hakutafuta daftari. Aliinua mkono, akamwonyesha.